Mkubwa ni jalala: anayetaka kuongoza na aanze kwa kutumika

Wahenga walipotuachia methali kwamba mkubwa ni jalala, hawakukusudia kumdhalilisha mkubwa. Walitaka kumkumbusha kwamba taka zote za nyumba hatimaye humwangukia yeye. Lawama ni zake, malalamiko ni yake, na kazi ambayo kila mtu ameikimbia humsubiri yeye. Ajabu ni kwamba methali hii tunaikariri sana katika insha za Kiswahili, kisha tunaisahau mara tu tunapokabidhiwa cheo.

Hutukia kila mwaka katika shule zetu kwamba viranja wapya hutangazwa gwarideni mbele ya wenzao. Hupigiwa makofi, hupewa beji, na katika shule nyingine huvalishwa tai au sweta ya rangi tofauti ili wajulikane kwa mbali. Siku hiyo hiyo huelezwa mamlaka yao: majina ya nani wanaweza kuyaandika, na ni adhabu gani wanayoweza kuitoa. Ni nadra sana kusikia wakielezwa deni lao. Hakuna anayewaambia kwamba tangu asubuhi hiyo wao ndio watakaotangulia kuamka na kuchelewa kulala, na kwamba mwanafunzi mgonjwa bwenini usiku wa manane ni mzigo wao kabla hajawa mzigo wa mtu mwingine yeyote.

Matokeo ya kasoro hiyo yanajulikana na kila aliyepata kula katika bwalo la shule ya bweni. Kiranja hapangi foleni. Sahani yake ya githeri huwa na maharagwe mengi kuliko mahindi. Zamu za kufagia bweni huziandika yeye, lakini jina lake halimo. Mwanafunzi mgeni anayeyatazama hayo hujifunza somo ambalo halimo katika silabasi yoyote, kwamba cheo ni kibali cha kutofanya kazi. Miaka ishirini baadaye, tunapomkuta mtu huyo huyo katika afisi ya umma, wananchi wamepanga foleni nje naye yumo ndani anakunywa chai, tunajifanya kushangaa ni wapi alikojifunza tabia hiyo.

Itakumbukwa kwamba mnamo Mei 1999, katika shule moja ya upili ya wavulana huko Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao usiku na wanafunzi wenzao, na chumba hicho kikatiwa moto. Vijana hao walikufa. Hapana hoja yoyote inayoweza kuhalalisha unyama ule, na wala hatuna nia ya kuwatwika lawama vijana waliopoteza maisha yao kwa sababu tu waliteuliwa kuwa viongozi. Hata hivyo, msiba ule ulizusha swali ambalo halikuweza kukwepwa tena: je, sisi watu wazima tulikuwa tumewaweka wapi viranja wetu? Katika shule nyingi walikuwa wamegeuzwa kuwa jicho na fimbo ya wakubwa. Walitengwa na wenzao kwa vyumba vyao na kwa upendeleo wao, kisha wakaachwa peke yao chuki ilipopanda.

Ni kweli kwamba tangu wakati huo hatua zimechukuliwa. Mwaka 2009 kuliundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili, ili wanafunzi wapate kuwachagua viongozi wao na kusikilizwa na wakuu wa shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi ya shule. Hatua hizo ni za kusifiwa. Lakini kura hubadilisha tu njia ya kukipata cheo, haibadilishi maana ya cheo chenyewe. Kiranja aliyechaguliwa kwa kura mia nane anaweza kuiruka foleni ya chakula sawasawa na yule aliyeteuliwa na walimu faraghani.

Jambo linalohitajika, kwa maoni yetu, ni kile wataalamu wanachokiita uongozi wa utumishi. Aliyelieneza wazo hilo katika enzi zetu ni Robert Greenleaf, Mmarekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni kubwa ya simu nchini mwake kabla ya kuandika insha yake juu ya kiongozi aliye mtumishi, mnamo mwaka 1970. Hoja yake ni kwamba kiongozi wa kweli huanza kwa hamu ya kutumikia, na hamu ya kuongoza humjia baadaye. Kipimo chake si ukubwa wa sauti yake wala wa afisi yake. Kipimo ni hali ya wale anaowaongoza: je, wanazidi kupata hekima, uhuru na uwezo wa kujitegemea? Je, wao nao wanaelekea kuwa watumishi wa wengine?

Kwetu Kenya wazo hilo si geni, na wala si la hiari. Katiba ya mwaka 2010, katika Sura ya Sita inayohusu uongozi na maadili, inaeleza katika Kifungu cha 73 kwamba mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni amana ya umma, na kwamba yanamtwika jukumu la kuwatumikia wananchi, si uwezo wa kuwatawala. Walimu wetu huyafundisha hayo darasani, na wanafunzi huyaandika katika madaftari na kuyajibu katika mitihani. Swali ni je, mwanafunzi huyo akiinua macho kutoka kwenye daftari lake, atayaona yakitendeka wapi?

Kwa kuwa mfano mmoja hushinda mahubiri kumi, na tuitazame kambi ya wanariadha iliyoko Kaptagat, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa. Huko ndiko alikofanyia mazoezi kwa miaka mingi Eliud Kipchoge, aliyeshinda nishani ya dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akaitetea katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Mtu wa hadhi hiyo angeweza kujifungia katika kasri na kuwaajiri watu wa kumfulia hata soksi. Badala yake alilala kambini pamoja na wanariadha wengine, wakiwemo chipukizi ambao ulimwengu ulikuwa haujayasikia majina yao. Kambi hiyo ina zamu za usafi, na vyoo vimo katika zamu hizo. Bingwa wa Olimpiki hakusamehewa, na wala hakuomba kusamehewa. Zamu yake ilipofika, alishika ufagio na ndoo kama mwenziwe yeyote.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Kijana aliyejiunga na kambi juma lililopita, akimwona Kipchoge akisugua choo, hawezi tena kusema kwamba kazi fulani haimfai mtu wa hadhi yake. Somo hilo limemwingia bila hotuba na bila adhabu. Aidha, atakapoamka alfajiri kwenda kukimbia kwenye baridi, atajua kwamba anakwenda na wenzake, wala hafukuzwi na bwana wake.

Kisha ikaja tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, nchini Austria. Siku hiyo Kipchoge aliukimbia umbali wa marathoni, kilomita 42 na ushei, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hapakuwa na binadamu aliyejulikana kuumaliza umbali huo chini ya saa mbili. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, na mojawapo ya sababu zake ndiyo inayotuhusu hapa: alisaidiwa na wakimbiaji waliopokezana njiani kumwekea kasi, jambo ambalo kanuni za mashindano haziliruhusu. Wakimbiaji hao walikuwa 41 pamoja na wale wa akiba, na walitoka katika mataifa mbalimbali. Baadhi yao walikuwa wenzake wa mazoezini. Wengine walikuwa mabingwa kwa haki yao wenyewe, kama Bernard Lagat, aliyepata kuwa bingwa wa dunia, na Matthew Centrowitz, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2016. Watu wa daraja hilo wamezoea kukimbia kwa ajili ya ushindi wao. Siku ile walipangwa saba saba, watano mbele na wawili nyuma, wakamkinga mwenzao na upepo, kundi moja likitoka na jingine likiingia. Alipoukaribia utepe walimwachia njia, wakabaki nyuma wakimshangilia kana kwamba ushindi ulikuwa wao. Naam, ulikuwa wao.

Hatudai kwamba mabingwa hao walikwenda Vienna kwa sababu ya ufagio na ndoo ya Kaptagat. Tunasema kwamba katika mahali pote pawili, kule chooni na kule barabarani, kanuni iliyotawala ilikuwa moja. Kazi ndiyo iliyoamua nani asimame wapi, na ukubwa wa jina haukumzuia mtu kusimama pale alipohitajika. Timu inayoishi kwa kanuni hiyo hufanya mambo ambayo mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuyafanya. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini uongozi wa namna hii huzifanya timu zifaulu. Sisi tunaziona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ukweli. Kiongozi anayeogopwa huwa mtu wa mwisho kupata habari. Katika shule ambayo mwalimu mkuu hufoka kila anapoambiwa jambo asilolipenda, mpishi hatamwambia kwamba mahindi yameingiwa na fukusi. Mlinzi hatamwambia kwamba taa ya nyuma ya bweni haijawaka kwa siku nne, na mwalimu mgeni hatakiri kwamba darasa limemshinda. Kila mmoja atasema mambo ni shwari, hadi siku yatakapolipuka. Lakini mkuu anayepita jikoni asubuhi, akauliza ni kitu gani kinachowakwamisha watu wake, kisha akakishughulikia kabla ya jioni, huzijua shida zingali changa. Utumishi, kwa maana hiyo, ni mlango ambao habari huingilia.

Sababu ya pili ni moyo. Mtu anaweza kulazimishwa kufika kazini, lakini hawezi kulazimishwa kujitolea. Chukua mfano wa idara ya hisabati ambayo mkuu wake amejitwalia darasa la wanafunzi hodari na kuwaachia wenzake yale yanayochechemea. Walimu wa idara hiyo watafundisha hadi kengele ilie, basi. Mkuu huyo akiibadilisha ratiba na kulichukua yeye mwenyewe darasa linaloogopwa na wote, hatakuwa na haja ya kuwahimiza wenzake kwa barua wala kwa vitisho. Muungwana ni vitendo.

Sababu ya tatu, na labda ndiyo kubwa zaidi, ni kudumu kwa kazi. Kiongozi anayependa kutukuzwa huwafanya watu wote wamtegemee, kwa maana utukufu wake unatokana na udhaifu wao. Huficha funguo, huficha maarifa, na hufurahi anaposikia kwamba mambo yalikwama alipokuwa safarini. Kiongozi aliye mtumishi hufanya kinyume chake. Huwafunza wenzake kila alijualo, huwapa nafasi ya kujaribu na hata ya kukosea, na huwa radhi kupitwa nao. Siku ya kustaafu kwake pengo lake huonekana, lakini kazi haisimami.

Yapo mapingamizi, na si haki kuyapuuza. Wengine huhofia kwamba kiongozi akijishusha, nidhamu itakufa na kila mtu atajifanya mkubwa. Hukumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tunakubaliana nao kwamba chombo kinahitaji nahodha mmoja. Lakini nahodha anayekesha usukani wakati mabaharia wake wamelala, akahakikisha kwamba wamekunywa maji kabla yake, hajaacha kuwa nahodha. Dhoruba ikivuma, ni yeye atakayeamuru tanga lishushwe, na amri yake itatiiwa upesi kwa sababu mabaharia wanajua kwamba haitoki kwa mtu anayejijali nafsi yake tu.

Wala utumishi si ulegevu. Mwalimu mkuu anayemfumbia macho mwalimu mtoro kwa kisingizio cha upole huwa anawadhulumu wale wanaozibeba kazi za mtoro huyo, na wanafunzi ambao vipindi vyao vimepotea. Kumwita kando, kumwuliza kinachomsibu, kumsaidia anapostahili kusaidiwa na kumchukulia hatua anapokaidi, huko ndiko kuitumikia timu. Hata huko Kaptagat zamu ya usafi ni kanuni inayofuatwa. Kipchoge, pamoja na umaarufu wake wote, alizoea kuufuata mpango wa kocha wake Patrick Sang, ambaye naye aliwahi kutwaa nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, katika Olimpiki za Barcelona mwaka 1992.

Tena utumishi si maonyesho. Tumewaona wakubwa ambao hushika jembe au fagio pale tu mpigapicha anapokuwa karibu, na mpigapicha akiondoka fagio nalo huanguka. Wanafunzi hawadanganyiki kwa hayo. Mtoto anajua kabisa ni mwalimu yupi huokota karatasi uani wakati hakuna anayemtazama.

Walimu wetu wanao mfano wa karibu zaidi na kazi yao. Mwaka 1976 Bradha Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika katika Shule ya Upili ya St Patrick's huko Iten kufundisha jiografia. Hakuwa mtaalamu wa riadha. Angeweza kujisingizia ujuzi aliokuwa hana, au kuwaacha wanariadha wa shule hiyo wajitafutie njia. Alichagua kujifunza kutoka kwa wanafunzi wale wale aliokuwa akiwafunza, akiwatazama na kuwasikiliza. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Peter Rono, aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki za Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyeshinda mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 na kuweka rekodi ya dunia. Mwalimu anayeona haya kukiri mbele ya darasa kwamba jambo fulani halijui, na aufikirie mfano huo.

Kwa hivyo tunatoa mwito kwa wakuu wa shule zetu. Kwanza, viranja wanapoapishwa, waandikiwe wajibu wao kabla ya mamlaka yao, na wajibu huo usomwe gwarideni ili kila mwanafunzi ajue anaweza kudai nini kutoka kwao. Pili, upendeleo wote ambao hauna manufaa kwa kazi yao uondolewe. Kiranja apange foleni na jina lake liwe katika zamu ya usafi, tena la kwanza. Tatu, mwishoni mwa kila muhula wanafunzi waulizwe, bila kutaja majina yao, kama viongozi wao wamewasaidia au wamewaonea, na majibu hayo yasomwe kwa makini. Nne, hayo yote yaanzie katika chumba cha walimu, kwani kiranja anayewaonea wadogo mara nyingi ameiga kwa mkubwa fulani.

Kwa wanafunzi tuna neno moja. Msingoje beji. Yule anayekaa na mwenzake jioni kumweleza hesabu iliyomshinda, yule anayempelekea mgonjwa maji, yule anayekubali kuandika ripoti ya kikundi wakati wengine wametoroka, huyo ameanza kuongoza tayari, na wenzake wanalijua hilo hata kama halijatangazwa gwarideni. Cheo kikimjia baadaye kitamkuta ameshaizoea kazi yake. Lakini anayekitamani cheo ili apumzike, na ajue mapema kwamba amekosea njia.

Sherehe zijazo za kuwatangaza viranja zitakapowadia, tungependa kuona shule mojawapo ikithubutu kufanya jambo jipya. Pamoja na ile beji, kila kiranja akabidhiwe ufagio, na mwalimu mkuu awe wa kwanza kuonyesha unavyotumika.